Wapiga Mbio wa Milimani

Msomaji mpenzi, huenda wewe ni mwenyeji wa Kiamaiko, au umepata kupita hapo ukienda Huruma au Mathare. Na kama ndivyo, wayajua mambo mawili ya mtaa huo pasipo kuambiwa. La kwanza ni mbuzi. Kiamaiko ni soko kubwa la mbuzi na la nyama ya mbuzi katika upande wa mashariki wa Nairobi. Wanyama huletwa kwa malori kutoka Isiolo, Marsabit, Moyale na pande nyingine za kaskazini, na alfajiri, kabla watu wengi hawajaamka, sauti zao husikika vichochoroni. La pili ni ngazi. Nyumba za mitaa hiyo zimejengwa kwenda juu kwa sababu nafasi ya kwenda kando haipo, na mama akaaye ghorofa ya sita hupanda na mtungi wake wa maji mara nyingi kwa siku, wala hakuna mtu amhesabiaye dakika.

Jambo la tatu labda hulijui. Ukisimama Kiamaiko umesimama juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,600 na kitu. Kimo hicho ni karibu sawa na kimo cha lango la Umbwe, upande wa kusini wa Kilimanjaro, mahali walipoanzia safari baadhi ya watu nitakaokusimulia. Hewa uivutayo wewe ukiwa njiani kwenda shule ndiyo hewa waliyoivuta wao walipofunga kamba za viatu. Tofauti ni kwamba wao waliondoka hapo wakapanda mbio mpaka mita 5,895, wakageuka, wakashuka, na jua la siku ile ile likawaona wamekwisha rudi. Ili upate kukisia kazi hiyo, lifikirie jumba la KICC katikati ya mji wetu, lililofunguliwa mwaka wa 1973. Kimo chake ni mita 105. Lipande kutoka chini hadi juu mara 40, na hapo bado hujafika.

Habari za kupanda milima yetu huandikwa aghalabu kana kwamba zilianza siku ile mgeni wa kwanza alipotokea. Mwaka wa 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, akaandika habari zake, na wataalamu wa Ulaya wasimsadiki, kwa kuwa theluji karibu na ikweta ilikuwa kwao hadithi tupu. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikanyaga kilele cha Kibo. Walakini hawakufika huko kwa miguu yao peke yake. Walikuwa na wapagazi na viongozi, na jina la mmoja wao, Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, limehifadhiwa na wenyeji. Hata leo watu hubishana alifika wapi hasa pamoja na wageni wale. Mimi sioni ajabu kwamba wanabishana: mwenye kalamu hakuwa na haja ya kumwandika vya kutosha.

Upande wa Mlima Kenya mambo yalikuwa vivyo hivyo. Halford Mackinder alifika Batian, kilele cha mita 5,199, mwaka wa 1899. Ikapita miaka 60 kabla ya Mwafrika wa kwanza kuandikwa kuwa amekifikia kilele hicho, naye ni Kisoi Munyao, mwaka wa 1959. Kisha ukaja uhuru, na milima ikapewa kazi nyingine. Tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera ya Tanganyika na mwenge juu ya Kilimanjaro. Na tarehe 12 Desemba 1963 Munyao yule yule alipeleka bendera ya Kenya juu ya mlima wetu. Katika safari hizo zote hakuna aliyetazama saa. Swali lilikuwa ni nani aliyefika, wala si kwa muda gani.

Saa ililetwa na watu wa mbio, nao walitoka uwanjani na barabarani. Mwaka wa 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Meksiko, mji ulio katika kimo cha mita 2,240, Naftali Temu alishinda mbio za mita 10,000, Kipchoge Keino mita 1,500, na Amos Biwott mbio za kuruka viunzi na maji. Wanariadha kadhaa waliotoka nchi za tambarare walianguka wakihema. Hapo ndipo ulimwengu ulipoanza kusema kwamba watu wa nyanda za juu wana jambo. Baada ya hapo ikaja zamu ya barabara. Mwaka wa 1987 Douglas Wakiihuri alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni huko Roma, na mwaka huo huo Ibrahim Hussein akashinda New York. Mwaka wa 1988 Hussein alishinda Boston kwa kumtangulia Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde 1 tu. Fikiri, ndugu msomaji: kilomita 42 na zaidi, Mkenya na Mtanzania, na kati yao nafasi ya kupepesa jicho! Tangu hapo barabara ikawa mali yetu, hata mwaka wa 2023 Kelvin Kiptum alipoimaliza marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, muda ambao hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuufikia katika mashindano rasmi.

Kiptum siku ile alikuwa akila kila kilomita kwa dakika 2 na sekunde 51 hivi. Sasa mtu akikuambia kwamba hodari kuliko wote mlimani alikuwa akipanda mita 14 tu za kimo kwa dakika moja, huenda ukacheka. Usicheke. Mwendo wa barabarani na mwendo wa mlimani ni elimu mbili mbalimbali, ijapokuwa miguu ni ile ile.

Barabarani mpiga mbio huchagua mwendo, akaushika. Moyo wake hupiga kwa kipimo kimoja, hatua zake hulingana, na akili yake hufanya kazi ya mhasibu: nimetumia kiasi gani, nimebakiwa na kiasi gani. Mlimani hesabu hiyo huvurugika mara moja. Njia ikisimama wima, mbio hugeuka kuwa kutembea, na mtu aliyezoea barabara huona aibu kutembea. Hujilazimisha kukimbia, na baada ya robo saa mapaja yamejaa moto. Mzoefu wa mlima hana aibu hiyo. Hutia mikono magotini, huinama, na kupanda kwa hatua fupi fupi kama mbuzi wa Kiamaiko alivyokuwa akipanda majabali ya kwao kabla ya kutiwa katika lori.

Kisha kuna hewa. Juu ya Kilimanjaro hewa ni nyepesi, hata kila pumzi humletea mtu karibu nusu tu ya oksijeni ambayo angeipata pwani ya Mombasa. Mwili una dawa yake: ukikaa juu siku nyingi huongeza chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo zichukuazo oksijeni. Lakini dawa hiyo hutaka muda, na mpiga mbio hampi mlima muda. Apandaye upesi mno bila kuuzoesha mwili huumwa kichwa, hutapika, huyumba kama mlevi. Na ugonjwa ukizidi, maji huingia mapafuni au ubongo huvimba, na hapo hakuna tiba ila kushuka mara moja. Watu wamekufa kwa sababu hiyo, wengine vijana wenye afya na nguvu. Ndiyo maana viongozi wa Kilimanjaro huwaambia wageni wao maneno mawili kutwa nzima: pole pole. Na ndiyo maana wote waliojaribu rekodi kwa akili walikaa kwanza mlimani siku kadhaa, wakipanda na kushuka taratibu, kabla ya siku yenyewe.

La mwisho ni kushuka. Watu hudhani kushuka ni kupumzika. Muulize yeyote aliyeteremka ngazi za ghorofa saba akiwa na gunia la viazi kama magoti yake yalipumzika. Katika kushuka, misuli ya mapaja hunyooka huku ikijikaza, nayo hupasuka kidogo kidogo ndani kwa ndani. Na mpiga mbio aliyeshinda kwenda juu aweza kushindwa vibaya kurudi, akaanguka juu ya mawe.

Kwa hiyo mtu atokaye barabarani akataka kuwa mtu wa mlimani hana budi kukubali kuwa mwanafunzi tena. Mfano mzuri ni wa Jonathan Wyatt wa New Zealand. Huyu alikuwa mtu wa uwanjani na barabarani kwa haki: alikimbia mita 5,000 katika Olimpiki ya Atlanta mwaka wa 1996, na marathoni katika Olimpiki ya Athens mwaka wa 2004, akawa wa 21. Kwa kipimo cha barabara hiyo ni sifa njema, wala si zaidi. Lakini mlimani alikuwa mfalme. Alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za milimani mara 6, mara ya kwanza mwaka wa 1998 na ya mwisho 2008. Na mwaka wa 2003 aliimaliza marathoni ya Jungfrau huko Uswisi, ambayo nusu yake ya pili ni mpando, kwa saa 2 na dakika 49. Wapo watu wa marathoni ambao hawaufikii muda huo hata katika barabara tambarare. Mwili wake ulikuwa mmoja na mapafu yake yale yale. Barabara ilimwita mtu wa 21, mlima ukamwita wa kwanza.

Turudi kwetu. Rekodi za kupanda Kilimanjaro kwa mbio zilianza kuvuma dunia ilipoingia karne ya 21. Mwaka wa 2001 Bruno Brunod wa Italia alitoka lango la Marangu akafika kilele cha Uhuru kwa saa 5, dakika 38 na sekunde 40. Mwaka wa 2005 Mmarekani Sean Burch alipunguza, akafika kwa saa 5, dakika 28 na sekunde 48. Magazeti ya kwao yaliandika, na mtu asiyejua angedhani kwamba mlima ule haukuwa na wenyewe.

Wenyewe walikuwapo. Simon Mtuy ni mtoto wa Mbokomu, katika miteremko iliyo juu ya mji wa Moshi, nchi ya migomba na kahawa. Hakuanza kwa kukimbia barabarani wala hakuwa na kocha. Alianza kama vijana wengi wa kwao walivyoanza, kwa kubeba mizigo ya wageni, kisha akawa kiongozi, na hatimaye akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya kupandisha watu mlimani. Kwa njia hiyo, kabla hajavaa namba ya mashindano kifuani, alikuwa amekwisha panda Kilimanjaro mara nyingi kuliko wapandaji wengi maarufu wa Ulaya watakavyoipanda maishani mwao. Kutoka hapo akaingia katika mbio ndefu zipitazo marathoni. Alikwenda Marekani akashiriki zaidi ya mara moja katika Western States, mbio za maili 100 zinazovuka milima ya California. Mtu wa barabara huhitaji kwenda mlimani ajifunze. Mtuy alikwenda ugenini ajifunze saa, kisha akairudisha nyumbani.

Desemba 2004 aliondoka lango la Umbwe, njia fupi na kali kuliko nyingine, akafika Uhuru, akashuka mpaka chini, na safari yote ikamchukua saa 8 na dakika 27. Watalii wengi hupewa siku 6 au 7 kwa kazi hiyo. Lakini safari ile ilikuwa na wasaidizi njiani, na nadhani jambo hilo lilimkera, kwa sababu Februari 2006 alirudi tena peke yake. Safari hii alibeba mwenyewe maji yake, chakula chake na nguo zake za baridi, asipokee kitu kwa mtu yeyote. Tumbo lilimsumbua njiani. Alisimama kileleni dakika chache tu, akashuka, na saa ikasema saa 9 na zaidi kidogo ya robo. Kwa tarakimu tupu, muda huo ni mbaya kuliko ule wa 2004. Mimi nausifu zaidi. Apandaye na wasaidizi huchukua mwili wake tu; apandaye bila msaada huchukua mwili na ghala lake, na kila tone la maji anywalo alikwisha lipia kwa jasho la kulibeba.

Hapa hapana budi nikuonye, msomaji, juu ya tarakimu za milima. Barabara hupimwa kwa mita, na marathoni ya Nairobi na ya Berlin zina urefu mmoja. Mlima haukubali. Brunod alianzia Marangu, Mtuy alianzia Umbwe. Lango moja liko juu kuliko lingine, njia moja ni ndefu lakini laini, nyingine ni fupi lakini ni kama ukuta. Huyu alihesabu kupanda peke yake, yule alihesabu kupanda na kushuka. Huyu alisaidiwa, yule hakusaidiwa. Hapana refa kileleni. Kwa hiyo ukisoma kwamba fulani amevunja rekodi ya mlima, uliza kwanza: rekodi ipi, kutoka wapi, na nani alimbebea maji?

Baada ya Mtuy walikuja mabingwa wa kizazi kipya. Mwishoni mwa Septemba 2010 Kilian Jornet, Mkatalani aliyekulia katika milima ya Pirenei, alifika Uhuru kwa saa 5 na dakika 23, akawa amekwisha rudi chini kwa saa 7 na dakika 14. Watu wakasema hapo ndipo mwisho. Agosti 2014 akatokea Karl Egloff, mzaliwa wa Quito huko Ekuado, mwana wa kiongozi wa milima, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mwendesha baiskeli za milimani. Wachache walilijua jina lake. Alipanda kwa saa 4 na dakika 56, akamaliza safari yote kwa saa 6 na dakika 42. Toa kupanda katika jumla uone: alishuka mita elfu nne na zaidi kwa saa 1 na dakika 46, muda ambao kwa basi, siku ya msongamano, hukutosha labda kutoka Kiamaiko mpaka Ngong. Wanawake nao hawakukaa nyuma: mwaka wa 2018 Kristina Schou Madsen wa Denmark alipanda kwa saa 6 na dakika 52.

Lakini kuna watu ambao katika orodha hizi zote hutawaona. Asubuhi yoyote ya msimu, mpagazi wa Kilimanjaro huvunja kambi baada ya wageni kuondoka, huosha vyombo, hukunja mahema, hutia mzigo wa kilo 20 kichwani au begani, na hata hivyo huwapita wageni njiani na kufika kambi ya mbele kabla yao, chai ikiwa tayari. Hufanya hivyo kesho, na kesho kutwa, na mwezi ujao. Kanuni za hifadhi zimeweka mpaka wa uzito huo kwa sababu zamani wengine walibebeshwa zaidi, na wako waliokufa kwa baridi kwa kukosa nguo. Sisemi kwamba kila mpagazi angeweza kumshinda Egloff. Hilo lingekuwa kujidanganya, maana mpiga mbio wa kweli hujengwa kwa miaka ya mazoezi, chakula na mapumziko. Nasema tu kwamba hakuna aliyewahi kumwekea mpagazi saa. Mtuy alitoka katika watu hao, na jina lake katika orodha ni kama mlango uliofunguliwa kwa upenyo mdogo.

Je, na Wakenya? Wewe mtoto wa Eastlands una haki ya kuuliza. Siku mbingu zikiwa safi, Mlima Kenya huonekana kutoka Nairobi, mweupe, kana kwamba umesogea usiku. Tuna wapiga mbio wengi kuliko taifa lolote la ukubwa wetu, na tuna mlima. Mbona majina yetu hayakujaa katika rekodi za milima yetu wenyewe?

Jibu la kwanza ni fedha, na si jibu la aibu. Mpiga mbio wa kwetu hukimbia ili ale, alipe karo za wadogo zake, amjengee mama yake nyumba. Barabara hulipa. Marathoni ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 2003, na kila mwisho wa juma mahali fulani duniani pana mbio za barabarani zenye zawadi. Rekodi ya mlima hailipi mtu ila awe na kampuni ya viatu nyuma yake. Zaidi ya hayo, kuingia hifadhini kuna ada, na kanuni haziruhusu mtu kuingia Mlima Kenya peke yake. Mtu sharti awe na mwenzake au kiongozi. Kanuni hiyo ni ya haki, maana mlima umeua wengi. Lakini kijana wa Kiamaiko akihesabu nauli ya Nanyuki, ada, kiongozi, koti na chakula cha siku za kuzoea hewa, huona ni afadhali arudi Juja Road akimbie kabla matatu hazijaamka.

Kwa hiyo Wakenya walikwenda kwenye milima iliyo na zawadi, yaani milima ya Ulaya, na huko walifanya mambo makubwa ambayo hapa nyumbani hayakuandikwa kwa herufi kubwa. Lucy Wambui Murigi alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka wa 2017 huko Premana, Italia, na tena mwaka wa 2018 huko Canillo, Andora. Ameshinda pia zaidi ya mara moja mbio za Sierre-Zinal za Uswisi, kilomita 31 zenye mpando wa mita 2,200, ambazo watu wa milimani huziheshimu kama watu wa barabarani waiheshimuvyo Boston. Patrick Kipngeno alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kupanda mwaka wa 2022 huko Thailand, akautetea mwaka wa 2023 huko Austria. Waulize watu 10 katika kibanda cha chai cha Huruma kama wawajua wawili hawa, halafu uwaulize juu ya mchezaji wa akiba wa Arsenal.

Haifai pia kuficha doa. Mwaka wa 2022 washindi wawili wa Sierre-Zinal, wa kiume na wa kike, wote Wakenya, walivuliwa ushindi baada ya dawa zilizokatazwa kuonekana katika miili yao. Walipata hasara wao, na walipata hasara wengine wasiohusika, kwa sababu tangu siku hiyo kila Mkenya anayefika juu kwanza hutazamwa mara mbili. Mchezo huu ulikuwa bado mchanga kwetu, na fedha zake ni chache. Hata hivyo ugonjwa wa barabarani uliupanda mlima pamoja na wapiga mbio.

Majirani zetu wa Uganda walituzidi kwa upande wa wanaume, nao wana sababu: Mlima Elgon. Vijana wa Sebei huzaliwa juu ya miteremko yake, na shule, kisima na shamba vyote viko juu au chini, hakuna kilicho sawa. Fred Musobo alikuwa bingwa wa dunia mwaka wa 2015, Victor Kiplangat mwaka wa 2017, na Robert Chemonges mwaka wa 2018.

Katika hao namtaka Kiplangat hasa, kwa kuwa njia yake ni kinyume cha ile tuliyokuwa tukiifuata. Wyatt alikwenda kutoka barabarani hadi mlimani. Kiplangat alipokuwa bingwa wa dunia wa milimani alikuwa bado kijana wa miaka 17. Watu wa milimani walimhesabu kuwa wao. Yeye akashuka. Alitwaa mapaja yale aliyoyajenga kwa kupanda na kuteremka, akayapeleka katika barabara tambarare, akaanza kujifunza kazi ya uhasibu niliyokutajia, ya kushika mwendo mmoja bila kupanda wala kushuka. Mwaka wa 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham, alikuwa mbele peke yake katika marathoni, mwisho ukiwa karibu, akakata kona isiyo yake. Mtu wa mlimani amepotea njia mjini! Alisimama, akageuka, akairudia njia, na wala hakuna aliyemfikia. Alishinda kwa saa 2, dakika 10 na sekunde 55. Agosti mwaka uliofuata, huko Budapest, katika joto, aliwaacha wenzake katika kilomita za mwisho akawa bingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 53. Safari hii hakupotea.